Kodi ya Nyumba na Gawio la Hisa: Hesabu ya Mwenye Akiba Nyeri

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu fedha ambayo mtu ameshaipata kwa jasho lake, na mahali pa kuiweka ili imletee kipato hata siku ambayo miguu imechoka. Mwalimu amestaafu na kulipwa mkupuo wake. Mkulima ameuza kipande cha shamba karibu na barabara pana ya Kenol, Sagana hadi Marua. Kijana aliye Doha au Boston amemtumia mama yake akiba ya miaka kadhaa na kumwomba ushauri. Wote hao huuliza jambo moja: nijenge nyumba za kupangisha, au ninunue hisa nipokee gawio?

Katika miji yetu ya Mlima Kenya jibu hutolewa kabla swali halijamalizika. Jenga! Jamaa zako watakuambia ujenge, mzee wa kanisa atakuambia ujenge, na fundi, bila shaka, atakuambia ujenge. Mimi leo naomba tusimame kidogo, tuchukue karatasi na kalamu, tupige hesabu. Naamini kwamba wengi wetu tunajenga bila kuhesabu, na wachache wanaonunua hisa nao hununua bila kuhesabu, na machozi ya pande zote mbili chanzo chake ni hicho.

Kwanza tuelewe kwa nini ardhi na mawe vinatutawala hivi. Mapenzi haya hayakuzuka bure. Wazee wetu walinyang'anywa ardhi na serikali ya kikoloni. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, watu wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru walisukumwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton: vipande vya mashamba vilivyotawanyika vikakusanywa pamoja, mipaka ikachorwa upya, hatimiliki zikatolewa. Wapo waliorudi kutoka kizuizini wakakuta mipaka imeshachorwa bila wao. Mtu aliyelelewa na wazazi wa namna hiyo huamini alama ya mpaka anayoweza kuikanyaga kwa mguu wake kuliko namba inayoonekana kwenye simu. Imani hiyo ina sababu, na anayeidharau hatujui.

Lakini tusijidanganye kwamba gawio ni mgeni kwetu. Mkulima wa chai wa Othaya, Tetu au Mathira ni mwenye hisa. Viwanda vya Chinga, Gathuthi, Gitugi, Iria-ini na Ragati, vilivyo chini ya shirika la chai la KTDA, ni mali ya wakulima wenyewe. Kila mwaka wakulima hao husubiri bonasi, wakijua kwamba mwaka mwingine itakuwa nono na mwaka mwingine itakuwa nyembamba. Mwanachama wa sacco huketi kwenye mkutano mkuu wa mwaka akisikiliza asilimia ngapi itatolewa kwa hisa zake. Na benki ya Equity, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ilianza mwaka 1984 kule Kangema, Murang'a, ikiwa chama kidogo cha mikopo ya nyumba. Iliingia sokoni mwaka 2006. Kwa mwaka wa fedha wa 2024 ililipa gawio la shilingi 4.25 kwa kila hisa. Kwa hiyo watu wa mlimani wanajua kusubiri mgao wa mwaka. Kitu tusichofanya ni kuupima mgao huo na kodi ya nyumba kwa kipimo kimoja.

Kipimo hicho ni chepesi sana. Kila shilingi 100 uliyoweka, imekurudishia shilingi ngapi mfukoni kwa mwaka, baada ya ushuru na gharama zote? Usiniambie unakusanya 60,000 kwa mwezi. Niambie ulitia ngapi, na mwisho wa mwaka umebaki na ngapi.

Tuanze na nyumba. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kila mmoja aweke bei za mtaani kwake. Tuseme mtu amenunua ploti ya hamsini kwa mia pembezoni mwa Nyeri, upande wa Ruring'u au kuelekea Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kwa shilingi milioni 1.5. Akajenga bedsita kumi za mawe kwa milioni 4.5. Jumla ametia milioni 6. Kila bedsita anaipangisha kwa 6,000. Vyumba vyote vikijaa mwaka mzima, atakusanya 720,000. Hapo ndipo wengi hukomea, wakagawanya, wakapata asilimia 12, wakafurahi.

Sasa tuendelee walipokomea. Wapangaji wa karibu na chuo ni wanafunzi. Wakifunga shule huondoka, na wengi hawalipi miezi ya likizo. Mwingine huhama usiku na deni lake. Ukipata kodi ya miezi kumi kati ya kumi na miwili, umefanya vizuri. Basi 720,000 imekuwa 600,000. Toa ushuru. Kwa mwenye nyumba za makazi anayekusanya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, mamlaka ya ushuru, KRA, hutoza asilimia 7.5 tangu Januari 2024; kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Ushuru huo hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hukatwa kwenye kodi yote uliyopokea, hata kama mwezi huo umebadilisha paa zima. Hapo imeondoka 45,000. Keteka, yaani mtunza nyumba, unayemlipa 5,000 kwa mwezi atachukua 60,000. Rangi, vitasa, mabomba yaliyopasuka na mabati yaliyong'olewa na upepo: tuweke 60,000 nyingine. Taa za nje, maji ya pamoja, taka na lori la kunyonya choo: 36,000. Ada za kaunti: 9,000. Ukijumlisha, 210,000 imekwenda. Umebaki na 390,000.

Gawanya kwa milioni 6. Kila shilingi 100 imekuletea shilingi 6.50. Na hapo kazi ya kufuatilia wapangaji umeifanya mwenyewe. Ukimpa ajenti anayechukua asilimia 10 ya makusanyo, unabaki na 330,000, yaani shilingi 5.50 kwa kila 100.

Hesabu hii inabadilika sana kwa mtu mmoja: yule ambaye ploti anayo tayari. Ameirithi, iko mjini, na hana nia ya kuiuza. Yeye ametia milioni 4.5 tu za ujenzi, na ile 390,000 inamletea karibu shilingi 8.70 kwa kila 100. Mtu huyo na jirani yake aliyenunua ploti wana majengo yanayofanana, wanatoza kodi moja, wanapaka rangi moja. Lakini biashara zao hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana ni kosa kumwiga jirani kabla hujajua aliianzaje safari yake.

Tugeuke upande wa hisa. Nitachukua kampuni ya simu ya Safaricom kwa sababu hisa zake ziliingia nyumba nyingi za eneo hili. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo kwa wananchi, hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Watu walipanga foleni kwenye benki za Nyeri na Meru kama walivyopanga kwingineko. Wengi walikopa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, kwa hiyo mwombaji alipewa sehemu ndogo tu ya alichoomba, huku mkopo wake ukizaa riba wakati fedha zilizobaki zikisubiri kurudishwa. Baada ya miezi michache bei ilishuka chini ya shilingi 5, na mwaka 2009 ikafika chini ya shilingi 3. Gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa. Watu walilaani soko la hisa, wakauza kwa hasara, wakarudi kwenye ploti.

Waliobaki walipata nini? Gawio lilipanda kwa miaka mingi, kisha likashuka kidogo. Kwa mwaka ulioishia Machi 2023 lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa, na miaka miwili iliyofuata likabaki hapo hapo. Mkazi wa Kenya hukatwa ushuru wa asilimia 5 kwenye gawio, na hapo mambo yameisha. Hana fomu nyingine ya kujaza kwa ajili ya gawio hilo. Anabaki na shilingi 1.14. Aliyenunua kwa shilingi 5 na kukaa kimya, gawio la miaka hiyo lilimletea kila mwaka shilingi 22.80 kwa kila 100 aliyoweka. Aliyenunua kwa shilingi 15 alipata 7.60. Na aliyenunua mwaka 2021, bei ilipokuwa imefika 40 na kila mtu akiisifu kampuni hiyo, gawio hilohilo lilimletea shilingi 2.85, tena huku akiangalia bei ya hisa ikianguka chini ya 15 mwaka 2023.

Msikilizaji, hapo pana fundisho kubwa kuliko yote ya leo. Kampuni ni moja, gawio ni moja, na mnunuzi mmoja amepata mara nane ya mwenzake. Kilichowatenganisha ni bei ya kuingilia. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Aliyenunua ploti ya Karatina au Kutus kabla vyuo havijafika, na anayenunua leo baada ya madalali watano kuongeza cha juu, hawawezi kupata pato moja hata wakijenga kwa ramani moja. Kipato cha kodi au cha gawio huamuliwa siku ya kununua. Baada ya hapo unachoweza kufanya ni kukitunza tu.

Wengine watasema nyumba ni salama kuliko hisa. Mwaka 2020 ulitupa mtihani wa wazi. Katikati ya Machi mwaka huo, serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya korona. Pale Nyeri View na Boma, pale Kagochi kwenye Chuo Kikuu cha Karatina, pale Ndagani, Chuka, vyumba vilibaki na makufuli. Wanafunzi walikwenda kwao, na wengine hawakulipa hata mwezi mmoja mpaka vyuo vilipofunguliwa. Wenye nyumba waliokuwa wakidaiwa na benki walikosa usingizi. Upande wa hisa, Equity ilikuwa imependekeza gawio la shilingi 2.50 kwa faida ya mwaka 2019, na mwezi Mei 2020 ikaliondoa ili kuhifadhi fedha. Waliokuwa wameshalipangia ada za watoto wakabaki mikono mitupu. Lakini mwaka huohuo Safaricom ililipa shilingi 1.40. Na nyumba zilizo karibu na hospitali ya rufaa ya Nyeri, au zilizopangishwa kwa askari na wafanyakazi wa kaunti, zilibaki na watu. Kwa hiyo usalama haukutokana na mtu kuwa upande wa nyumba au upande wa hisa. Ulitokana na kutotegemea mpangaji wa aina moja wala kampuni moja.

Hisa zina hatari zake, tena kubwa, na sitazificha. Mumias Sugar iliingia sokoni mwaka 2001 ikiwa tegemeo la wengi. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu na hisa zake zikasimamishwa. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa mwaka 2020, hazikuuzika hadi Januari 2025. Kenya Power ilikaa miaka mingi bila kutoa gawio, ikarudi kulipa senti 70 kwa hisa kwa mwaka ulioishia Juni 2024. Na mwaka 2008 kampuni ya udalali ya Nyaga ilipoporomoka, wateja wengi waligundua kwamba hisa zao zimeguswa bila ruhusa yao. Mfuko wa kuwafidia wawekezaji nao ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa kila mtu. Kwa hiyo kabla hujampa dalali fedha, hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na uwe unadai taarifa ya akaunti yako ya CDS, ile inayohifadhi hisa zako, mwenyewe, uisome mstari kwa mstari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na wakati kampuni fulani inaahidi gawio kubwa mno kulingana na bei ya hisa yake, jiulize kwa nini wengine wanaikimbia. Mara nyingi bei imeshuka kwa sababu soko linatarajia gawio hilo lipunguzwe. Tazama kama faida inatosha kulilipa, na kama kampuni imekuwa ikilipa mfululizo. Mambo hayo hutangazwa kila mwaka, na hayahitaji shahada kuyasoma.

Sasa niseme mambo ambayo karatasi ya hesabu haiyaonyeshi.

La kwanza ni kazi. Nyumba ya kupangisha ni kama ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani: atakupa kila siku, lakini kila siku anataka majani, maji na mganga. Choo kimeziba saa tatu usiku. Mpangaji wa chumba cha nne amegombana na wa chumba cha tano. Aliyeshindwa kulipa huwezi tu kumng'olea mlango. Sheria inakutaka upitie dalali wa mahakama mwenye leseni, na ukijichukulia sheria mkononi unaweza kushtakiwa wewe. Ukiwa na miaka 45 na nguvu zako, kazi hiyo ni ajira nzuri ya kujiajiri, na ujira wake umo ndani ya zile shilingi 6.50. Ukiwa na miaka 70, au ukiwa ng'ambo, kazi hiyo ataifanya mtu mwingine, na mtu huyo lazima alipwe.

La pili ni kutoka, yaani kuuza. Siku mtoto anahitaji upasuaji, hisa huuzwa asubuhi na fedha hufika baada ya siku tatu za kazi. Unaweza kuuza kiasi unachohitaji tu na kubakiza nyingine. Nyumba huwezi kuuza chumba kimoja. Mnunuzi atatafutwa kwa miezi, atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini au 2 mashambani, na wewe muuzaji utatozwa asilimia 15 ya faida uliyopata, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 5 mwanzoni mwa 2023. Hisa zinazouzwa kwenye soko la Nairobi hazitozwi ushuru huo wa faida.

La tatu ni urithi, na hapa naomba wazee mnisikilize kwa makini. Mahakama za Nyeri, Kerugoya na Meru zimejaa kesi za mirathi. Ploti moja, watoto saba, vyumba kumi. Nani achukue vinne vya mbele vinavyotazama barabara? Nani akusanye kodi na kuwagawia wenzake? Ndugu waliokula chungu kimoja huacha kusalimiana. Hisa elfu saba hugawanywa elfu moja kwa kila mtoto na hakuna aliyepata kona mbaya. Lakini hisa nazo zina ugonjwa wake: husahaulika. Kuna wazee walionunua hisa miongo iliyopita, wakaweka vyeti sandukuni, wakafariki bila kusema. Gawio lisilodaiwa kwa miaka kadhaa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Familia ina haki ya kulidai, mradi ina barua za usimamizi wa mirathi. Basi, mzee wangu, mama yangu, andika orodha. Waambie watoto.

La nne, kwa upande wa nyumba, ni kwamba ardhi hupanda thamani wakati jengo linazeeka. Aliyenunua karibu na Chaka au Nanyuki miaka iliyopita ameona ploti yake ikipanda bila yeye kuinua jembe, na kodi ya nyumba huweza kuongezwa maisha yanapopanda. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini haiji kila mahali. Kuna miji midogo yetu ambako majengo ya ghorofa nne yanasimama na nusu ya madirisha hayana pazia, kwa sababu kila mtu alijenga mwaka mmoja akitegemea chuo kimoja.

Tukitoka Kenya kidogo, wataalamu watano wa uchumi, Òscar Jordà na wenzake, walichapisha mwaka 2019 utafiti uliopima mapato ya nyumba na ya hisa katika nchi 16 tangu 1870 hadi 2015. Waligundua kwamba kwa muda huo mrefu vitu hivyo viwili vililingana sana, karibu asilimia 7 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei, na kwamba nyumba ziliyumba kidogo kuliko hisa. Nchi hizo zote ni tajiri, Kenya haimo. Tena walipima nyumba za nchi nzima kwa pamoja, wakati wewe una ploti moja kwenye barabara moja. Hata hivyo utafiti huo unatosha kuvunja imani mbili: ile isemayo mwenye hisa ni mcheza kamari, na ile isemayo mwenye nyumba ni mshamba asiyejua dunia ya leo.

Nije kwenye jambo ninalolihofia kuliko yote: mkopo. Mwaka 2024 riba ya mikopo ya benki ilizidi asilimia 16. Turudi kwenye mfano wetu. Ukikopa zile milioni 4.5 za ujenzi kwa asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni karibu 720,000. Hiyo ndiyo kodi ya bedsita zote kumi, zikiwa zimejaa miezi yote kumi na miwili, kabla ya ushuru, keteka na fundi. Hujalipa hata senti ya deni lenyewe. Huo ndio mwanzo wa majengo yetu mazuri kutangazwa kwenye mnada magazetini. Na aliyekopa mwaka 2008 kununua hisa alifanya kosa lilelile: alilipa riba kubwa ili apokee senti 10. Kama kipato cha mali ni asilimia 6 au 8 na riba ni 16, kila mwezi unamlisha mwenye benki kutoka mfukoni mwako.

Mtu ataniuliza kuhusu njia ya katikati. Ipo. Kuna mifuko ya majengo, ambamo mwekezaji hununua vipande vya majengo makubwa na kupata sehemu ya kodi. Lakini mfuko wa kwanza wa namna hiyo kuorodheshwa Nairobi, Fahari, ulianza mwaka 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande, bei ikaporomoka, na wawekezaji wadogo wakaja kulipwa shilingi 11 walipotolewa. Kwa hiyo uingie kwa uangalifu uleule. Kuna pia hati fungani za serikali. Februari 2024 hati ya miundombinu ilitolewa kwa riba ya asilimia 18.46 bila ushuru, zaidi ya kodi ya ploti yoyote ninayoijua hapa mlimani. Benki Kuu ilianza kupunguza riba Agosti mwaka huo, kwa hiyo usitarajie kiwango hicho kila mara. Lakini aliye na fedha taslimu asijenge kabla ya kuuliza riba za serikali wiki hiyo ni ngapi.

Basi nitoe hukumu yangu, kwa sababu mazungumzo bila msimamo hayamsaidii mtu.

Kama una ploti ya urithi mahali penye wapangaji wa namna mbalimbali, una fedha taslimu, unaishi karibu na una nguvu za kusimamia, jenga. Jenga kwa awamu: vyumba vinne kwanza, vikilipa uongeze. Hata nyumba safi za mbao, ambazo miji yetu inazijua tangu zamani, zinaweza kukurudishia fedha zako mapema kuliko ghorofa la mkopo.

Kama huna ardhi mjini, na ungelazimika kununua ploti kwa bei ya leo au kukopa, usijenge. Nunua hisa za kampuni nne au tano zinazolipa gawio miaka yote, kidogo kidogo kila mwezi, hasa bei zinapokuwa chini, pamoja na hati za serikali. Zamani ulilazimika kununua hisa 100 kwa uchache. Tangu mwaka 2025 soko la Nairobi limeruhusu hata hisa moja. Mwenye shilingi 2,000 kutoka kwenye bonasi ya chai ana mahali pa kuanzia.

Na kama umestaafu na mkupuo wako ndio wa mwisho maishani, usiutie wote kwenye mawe wala wote kwenye kampuni moja. Weka kando fedha ya kula na ya matibabu ya mwaka mzima, ndipo ugawanye iliyobaki.

Ndugu msikilizaji, juma hili kaa na mwenzi wako na watoto wako wakubwa. Andikeni mali mlizo nazo, mlizinunua kwa ngapi, na mwaka uliopita kila moja ilibakiza ngapi baada ya ushuru na gharama. Iliyobakiza kidogo kuliko hati ya serikali muijadili bila kuoneana haya. Na yeyote atakayekuja kwenu na ploti au hisa ya kuuza, mwulizeni kwanza swali hili: kwa kila shilingi 100, mfukoni kwangu itafika ngapi? Asipoweza kujibu, msimpe fedha zenu.